Saa Shingoni mwa Bwana Kipimo

Sikumpenda tangu alipovuka kizingiti, na sitajikosha kwa kusema nilimpa nafasi. Alikuja kumposa mjukuu wangu huku saa ya kubonyeza inaning'inia shingoni, zile za walimu wa riadha, utadhani mwamuzi aliyepotezana na uwanja wake. Akasimama mlangoni, akaitazama, akasema, "Nimewahi kidogo." Hodi hakupiga. Shikamoo ilikuja baadaye, imechoka, baada ya kusukumwa na kiwiko.

Kiwiko chenyewe kilikuwa cha mjukuu wangu, aliyesimama nyuma yake.

"Marahaba," nikasema. "Kaa. Hapo pasipo na kitambaa." Kwa maana sebule yetu ndiyo kiwanda cha binti yangu, mamake mjukuu huyu, fundi cherehani, na ukikaa ovyo unaondoka na pini.

Huyu mjukuu ni mke mwenzangu. Ndivyo tunavyoitana tangu alipojua kusema, na chumba tunalala kimoja. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya panya. Anabadilisha maranda vizimbani, anaosha chupa za maji, anajua nani kamng'ata nani. Huyo bwana ndiye mtafiti wa chumba hicho. Jina la Bwana Kipimo nilimpa mimi siku ileile, na lile alilopewa na mamake limenitoka kichwani bila hasara yoyote.

"Unafanya kazi gani, baba?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Napenda kumsikia mtu anavyojieleza mwenyewe.

"Napima sonona, Bibi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Huzuni iliyopitiliza. Mtu halali, hana hamu ya kitu, anajiona hana maana."

"Ah! Unawapima wagonjwa."

"Panya."

Binti yangu akasimamisha cherehani. Mimi nikauma shavu kwa ndani ili nisicheke, maana chai ilikuwa imeshaletwa mezani na chai ina heshima yake.

"Na panya," nikasema, "anakwambiaje kwamba ana huzuni?"

Hapo akachangamka. Mtu aliyekuwa amekaa kama mzigo uliosahauliwa kituoni akasogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti. Zipo njia, akasema. Unaweza kumning'iniza mkia juu kichwa chini, ukaona atajipinda kwa muda gani kabla hajalegea. Unaweza kumtia majini. Au unampa chupa mbili, moja ya maji matupu na moja ya maji ya sukari. "Panya mzima anaifuata sukari. Mwenye huzuni hana habari nayo, kwake yote sawa."

Wakati huo mjukuu wangu alikuwa akimimina. Akanipa kikombe changu kama siku zote, bila sukari. Macho ya Bwana Kipimo yakakifuata kile kikombe kutoka kwenye birika mpaka mdomoni kwangu.

"Bibi hutumii sukari?"

"Situmii."

"Tangu lini?"

"Zamani."

Akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia mjukuu wangu kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ni kizimba. "Unaona? Hata kwa watu iko hivyohivyo. Atakuwa amepoteza hamu tangu alipofiwa na mumewe."

"Nina kisukari, baba," nikasema. "Kilinikuta mume wangu yu hai, na peremende alikuwa akinificha yeye mwenyewe."

Binti yangu akakohoa kwenye kitambaa cha mteja. Na Bwana Kipimo? Mwingine angejificha chini ya meza. Yeye akasema, "Hiyo kweli inaweza kuharibu matokeo."

Kuharibu matokeo! Nimeugua miaka yote hii bila kujua kwamba naharibu matokeo ya mtu.

Nikaona nimjaribu kwa vya kwangu. "Kitendawili!"

Akatazama chini ya kiti chake.

"Sema 'tega'," mjukuu wangu akamnong'oneza.

"Tega," akasema, kama anayetia sahihi karatasi asiyoisoma.

"Naigawa kutwa nzima kwa kila apitaye, na jioni naikuta kamili."

Akafikiri. Akaishika saa yake. Akauliza kitu chenyewe ni kigumu au kimiminika. Akauliza kama jibu ni moja tu. Mwishoni akasema hana taarifa za kutosha.

"Basi nipe mji."

"Mji gani?"

"Mji wowote! Ukishindwa unanipa mji, nautawala kidogo, halafu nakupa jibu. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Lakini sina mji, Bibi."

Nikamhurumia kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Salamu," nikamwambia. "Jibu ni salamu. Kunywa chai yako."

Alipoondoka binti yangu alinifuata jikoni. "Mama, umemtesa mtoto wa watu. Yule ni msomi."

"Msomi wa mikia."

"Ana kazi nzuri. Anampenda."

"Mwanangu, yule hajampenda. Yule kamwona tu."

Lakini mjukuu alikuwa amependa, hilo sikuwa na la kulifanyia. Aliosha vikombe akiimba puani. Nami nikajisemea, basi, nitamzoea, wapo waliozoea majino ya bandia.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la chuo. Mke mwenzangu huyu tangu mdogo alikuwa akiwafunga kuku vitambaa miguuni hata wasioumia. Akakua nalo. Aliomba kusomea tiba ya wanyama, akakosa, akaomba tena, na mwaka huo akapata, kwenye chuo cha mji mwingine. Siku alipopata tulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Sasa Bwana Kipimo akamwambia, "Subiri. Tuoane kwanza. Chuo hakina miguu." Naye akawapigia chuo kuwaomba wamsubiri. Wakamjibu kwa upole kwamba watamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanampa mwingine.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hayo: arusi kwanza au chuo kwanza, na mwezi hausimami.

Siku moja mjukuu alisahau funguo za nyumba, nami nikampelekea kazini. Bwana Kipimo akaniona pale mapokezi, akafurahi kweli, sijui kwa nini. "Bibi, karibu uone sayansi!" Nikavishwa koti jeupe lililonifika kwenye vifundo, na viatu vikavishwa mifuko.

Chumba chenyewe kilikuwa kisafi mno, baridi, kinanukia maranda na sabuni. Mezani kuna chombo cha kioo, kirefu kama cha kuwekea maua, kina maji nusu. Mbele yake kamera imesimama kwa miguu mitatu. Akamchukua panya mweupe, mdogo kuliko kiganja changu, akamtumbukiza.

Yule mnyama alihangaika! Alipiga maji kwa miguu yote, akaparamia kioo, akateleza, akazunguka, akaparamia tena. Bwana Kipimo kakodoa macho, kidole kiko juu ya saa. Kisha panya akatulia. Akaelea, pua juu, mguu mmoja tu wa nyuma unasogea polepole kama wa mtu aliyekaa ukingo wa kitanda akitafuta ndala. *Tik*, Bwana Kipimo akabonyeza.

"Umeona, Bibi? Hapo amekata tamaa."

"Nani kamuuliza?"

"Haulizwi. Anapimwa. Anayekaa bila kuhangaika muda mrefu ndiye mwenye huzuni zaidi."

"Baba, umemtia mtu kisimani halafu unashangaa hana raha?"

Mjukuu wangu, aliyekuwa kando na taulo mkononi, akasema kwa adabu, "Mimi nikimwangalia naona kama amejua tu kwamba hazami. Anajipumzisha. Si hata wenzako wapo wanaosema hivyo?"

"Wapo," Bwana Kipimo akasema bila kugeuka. "Lakini kipimo ni kipimo."

Muda ukaisha. Akamwinua yule panya kwa mkia, akamkabidhi kwa mjukuu wangu kama mtu anayetoa sahani chafu. Mjukuu akamfunika kwa taulo, akamkausha masikio, tumbo, katikati ya vidole, akamweka chini ya taa yenye joto. Kisha akamwaga maji yote na kutia mapya yenye uvuguvugu, kwa sababu, aliniambia, panya anayefuata husikia harufu ya hofu ya mwenzake.

"Na taulo huwa anashika nani?" nikamuuliza tulipokuwa tukitoka.

"Mimi, Bibi."

"Yeye?"

"Yeye ni wa saa."

Nikavua lile koti jeupe. Niliogopa nikifungua mdomo hautafungika.

Haukupita muda Bwana Kipimo akasafiri kwenda maabara nyingine, mji wa mbali, kwa kazi ya majuma machache. Aliaga vizuri. Siku za mwanzo alipiga simu, mjukuu akaenda kuzungumza uani ili nisisikie, nami nikafungua dirisha ili nisikie. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida, arusi, ukumbi, chuo hakina miguu.

Halafu akanyamaza.

Mjukuu akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaandika ujumbe, zile alama mbili zikageuka buluu, yaani amesoma, na jibu hakuna. Akaandika mwingine wa utani. Akaandika wa kuomba radhi, na kosa hajui. Akaazima simu ya mamake akapiga, ikapokelewa, sauti yake ilipotoka tu ikakatwa. Akaazima yangu. Mwishowe akapiga kwenye maabara yenyewe kule, akaambiwa yupo, mzima, ametoka kula chakula cha mchana sasa hivi, amwachie maagizo gani?

"Hamna," akasema. "Nashukuru."

Siku hizo hakukaa. Alifua vilivyokuwa safi. Alisuka nywele akafumua. Usingizini aligeuka na kugeuka mpaka shuka lote likawa lake. Binti yangu akawa anasema, "Labda ana kazi nyingi," kila siku kwa sauti ndogo zaidi, mpaka siku moja akalisema kwa cherehani, si kwetu.

Na mwezi nao ukawa unaelekea ukingoni.

Kisha asubuhi moja mjukuu aliiweka simu juu ya kabati, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Akatulia. Mikono mapajani, macho ukutani. Hakulia. Hakugeuka hata simu ilipolia ndani, na aliyepiga alikuwa ni mteja wa mamake.

Nikasema, basi, kamuua mtoto wangu. Nikamtengenezea chai, nikatia sukari ya kutosha, nikampelekea. Akanywa nusu. Nikakitazama kile kikombe. Kabakiza nusu, nikawaza, jana alibakiza kidogo, juzi alimaliza...

"Bibi," akasema, "unanipima?"

"Mimi? Nakuangalia tu."

"Umekitazama kikombe."

Nikashtuka kama niliyekutwa mkono ndani ya mkoba wa mtu. Mimi! Na yule mwanaharamu hata hayupo! Nikakaa chini kando yake, magoti yakalalamika, tukatazamana, na yeye ndiye aliyeanza kucheka.

"Umeweka sukari nyingi mno, ndiyo maana. Hii si chai, ni dawa ya mafua."

"Mke mwenzangu, sema kweli. Umekata tamaa?"

Akafikiri. "Nilipokuwa nahangaika ndiyo nilikuwa karibu kufa, Bibi. Leo nimeamka nikasema, hebu niache nione. Nimeacha. Na sijazama." Akasogeza mguu mmoja vumbini, polepole. "Nipe hiyo simu yako. Nawapigia chuo kabla hawajampa mwingine."

Akapiga. Nafasi ilikuwepo bado. Nilimsikia akitaja jina lake herufi moja moja, na mimi nikaimalizia ile sukari kikombeni, kisukari kitanisamehe.

Bwana Kipimo alirudi siku moja kabla ya safari. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliingia ameloa chapachapa, kabeba mfuko wa machungwa, saa iko palepale inachuruzika. Hodi hakupiga. Alikuwa anatabasamu. Binti yangu akasimama, nusu ya furaha, nusu ya hasira, hajui ashike ipi.

"Kulikoni?" akamuuliza. "Tulidhani umepatwa na jambo!"

"Hapana, Mama, mimi mzima." Akamtazama mjukuu wangu kama mwalimu anayerudisha mtihani. "Nilitaka kujua."

"Kujua nini?" mjukuu akasema. Alikuwa akikunja nguo kwenye sanduku, na hakuacha kukunja.

"Utahangaika kwa muda gani. Ndoa ni jambo la maisha. Watu wanasema napenda, napenda, lakini hakuna anayepima. Nikaona ninyamaze, nione." Na hapo, Mungu ananiona, akainua kidole akachora hewani, mbele yetu sote. "Mwanzo ulipanda hivi, vizuri sana, sikutegemea. Halafu ukashuka. Halafu," kidole kikalala, "ukaacha kabisa. Nikajua amekata tamaa huyu. Nikasema nirudi haraka nimtoe."

Binti yangu, yule aliyenifuata jikoni kumtetea, alikaa tena kitini polepole, akasema, "Ulikuwa unasoma zile meseji?"

"Zote," akasema kwa fahari.

"Ulikuwa unampokea kwenye simu yangu, unasikia sauti yake, unakata?"

"Ilibidi, Mama. Ningejibu, kipimo kingeharibika."

Nimeishi mpaka nimezika marika yangu. Nimewaona walevi, wezi, na mume wa jirani aliyeuza kitanda mkewe amelala. Sijawahi kumwona mtu mdogo kiasi hicho ndani ya shati kubwa kiasi kile.

Mjukuu wangu akafunga sanduku. Akaenda chumbani, akarudi na taulo. Nikadhani atalia, maana alitembea taratibu sana. Akamwekea lile taulo mikononi.

"Jikaushe," akasema.

"Ahsante. Sasa tuzungumze siku ya—"

"Panya akitaka kuzama unamtoa. Kuna taulo, kuna taa, kuna mimi nimesimama pembeni. Mimi ulinitia majini halafu ukaenda mji mwingine. Nani alikuwa ananitazama?"

Niliona kabisa anatafuta jibu lenye namba.

"Na kuacha kuhangaika si kukata tamaa," mjukuu akaendelea, sauti ileile ya adabu kama ya siku ya maabara. "Nilijua tu sizami. Kesho naenda chuo."

"Lakini chuo," akasema, "si tulikubaliana... Mama, mwambie. Si nilisema chuo hakina miguu?"

"Yeye anayo," binti yangu akasema, akarudi kwenye cherehani yake. *Trrrrr.*

Basi akanigeukia mimi! Mimi! Watu wote duniani! "Bibi, wewe ni mtu mzima, unaelewa. Zungumza naye."

"Nitazungumza," nikasema. "Lakini kwanza, kitendawili!"

"Tega," akasema upesi. Alikuwa amejifunza, maskini. Alidhani hapo ndipo penye mlango.

"Saa ninayo shingoni, kukicha sijui."

Akafikiri, maji yanamdondoka kwenye sakafu niliyoipiga deki. "Jogoo?"

"Jogoo anajua."

"Ng'ombe mwenye kengele?"

"Ng'ombe naye unamwonea."

Mjukuu alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanacheza. Mkono wa Bwana Kipimo ukapanda wenyewe kifuani, ukaishika ile saa, ukaibonyeza, na bado hakuona. Mpaka leo nikikumbuka huo mkono nashindwa kumaliza kutandika kitanda kwa kicheko.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

Safari hii hakuuliza mji gani. Akajikaza akatabasamu, kama mtu aliyeelewa mchezo hatimaye. "Chukua huuhuu, Bibi."

"Wote?"

"Wote."

"Ahsante, baba. Nimeupokea." Nikasimama, nikamfungulia mlango, mvua ikaingia mpaka miguuni mwetu. "Sasa ni mji wangu, na wewe sikutaki ndani yake. Taulo acha kwenye kiti. Machungwa chukua, hapa tuna kisukari."